Wazi, kwa malipo au kwa kibali? Sera tatu za kutoa data za ramani, kwa ofisi za Arusha na Moshi

Katika miji hii miwili data za ramani zipo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi na inafuatilia mito mingi inayoshuka Kilimanjaro na Meru. TANAPA ya hifadhi za taifa na TAWIRI ya utafiti wa wanyamapori makao yao ni Arusha. Mamlaka za maji zina ramani za mabomba, halmashauri zina michoro ya mipango miji na orodha za viwanja, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ina barabara, na vyuo vina tasnifu ambazo ramani zake huishia kabatini siku mwanafunzi anapovaa joho. Mtu wa ofisi ya jirani akizitaka, au mwananchi wa kawaida, anazipata kwa masharti gani?

Mara nyingi anaambiwa "andika barua". Unaandika, unaambatanisha utambulisho, unapata mhuri wa masjala, unasubiri. Hakuna aliyekukatalia, na hakuna aliyekukubalia. Hiyo nayo ni sera, ingawa haijaandikwa popote, na kwa maoni yangu ndiyo ghali kuliko zote. Nitairudia baada ya kuzipima zile tatu ambazo nchi nyingine zimeziandika na kuzifanyia kazi kwa miaka mingi.

Ulinganisho huu ni kwa yule aliyetupiwa kazi ya kupendekeza: afisa TEHAMA wa halmashauri, mpima wa mamlaka ya maji, katibu wa jumuiya ya watumia maji, mhadhiri mwenye mradi unaoisha mwakani. Watu husikia "miundombinu ya data za kijiografia" wakafikiria seva na nyaya. Seva ni sehemu rahisi. Bill Clinton aliposaini Amri ya Rais namba 12906 mwezi Aprili 1994, iliyoanzisha miundombinu ya data za kijiografia ya Marekani, ofisi za serikali kuu ziliagizwa kuandika maelezo ya data zao kwa mtindo mmoja, na kabla ya kutumia fedha kukusanya data mpya zikague kwanza kama hazijakusanywa na wengine. Afrika Kusini ilitunga sheria yake mwaka 2003, na kiini chake kinafanana: kila data iwe na mtunzaji anayejulikana, na kazi moja isifanywe mara mbili. Yote hayo ni makubaliano kati ya ofisi, na makubaliano hayasimami kama sera ya kutoa haieleweki.

Kwa malipo

Hoja ya kuuza si ya kijinga. Kupima ni ghali: mafuta, posho, vifaa, watu wenye ujuzi. Anayefaidika achangie, na fedha hiyo irudi site kusasisha. Mfano unaotajwa sana ni Ordnance Survey, ofisi ya ramani ya taifa ya Uingereza. Ramani zake zililindwa kwa hakimiliki ya Taji, yaani ya serikali, na kuanzia 1999 ilitakiwa kujiendesha kwa mapato yake. Tuwe wakweli: ramani zile zilikuwa nzuri, tena zilisasishwa. Mwenye mteja anayelipa ana sababu ya kwenda kuangalia kama nyumba imebomolewa.

Tatizo ni nani aliyekuwa akilipa. Sehemu kubwa ya wateja walikuwa ofisi nyingine za serikali hiyo hiyo, maana yake fedha ilitoka mfuko mmoja wa mlipakodi ikaingia mwingine, ikiacha njiani gharama za wanasheria na wahasibu. Gazeti la Guardian lilianza kampeni dhidi ya mfumo huo mwaka 2006, na Aprili 2010 sehemu ya data ikafunguliwa bure, huku zile za kina zaidi zikibaki za kulipia. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Steve Coast alikuwa ameanzisha OpenStreetMap katika nchi hiyo hiyo. Sioni ajabu kwamba ramani ya kujitolea ilizaliwa mahali ambapo ramani rasmi ilikuwa nzuri lakini ina bei.

Picha za setilaiti za Landsat zinaonyesha jambo hilo kwa namba. Miaka ya 1980 Marekani iliamua kuzifanya biashara, na bei ya picha moja ikavuka dola 4,000. Landsat 7 ilipoanza kazi mwaka 1999 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 600. Hata hivyo katika mwaka wa mauzo mazuri zaidi, 2001, ziliuzwa picha kama elfu 25 tu. Mwaka 2008 zikawa bure, na katika mwaka mmoja wa kwanza zilipakuliwa zaidi ya milioni moja. Setilaiti ilikuwa ile ile, na mlipakodi alikuwa ameshailipia tangu mwanzo.

Sasa tulete hesabu nyumbani. Tuseme ofisi ya Moshi inauza tabaka la mito ya manispaa, yaani faili la ramani lenye mito peke yake, kwa shilingi elfu 50. Wanunuzi ni akina nani? Mwanafunzi, mshauri anayeandika tathmini ya athari kwa mazingira, shirika lisilo la kiserikali, na ofisi nyingine ya umma. Kila mmoja anahitaji ankara, kumbukumbu namba ya malipo, risiti, na mtumishi wa kukaa kumkatia faili. Mshauri ataiweka bei hiyo kwenye gharama anazozidai serikali. Ofisi ya umma itaomba msamaha wa ada, kwa barua. Mwanafunzi hatanunua: atafungua picha ya setilaiti na kuuchora mto Rau upya kwa mkono wake. Mwaka ujao mwingine atafanya hivyo hivyo. Baada ya muda Moshi ina mito mitatu inayoitwa Rau, kila mmoja na kona zake, na mpango wa kuzuia mafuriko unategemea ni Rau upi ulioufungua asubuhi hiyo. Hasara hii haionekani kwenye kitabu cha mapato, ndiyo maana watu wa fedha huipuuza.

Wazi

Kuweka wazi maana yake ni zaidi ya kupandisha faili kwenye tovuti. Yeyote achukue, atumie hata kwa biashara, agawe alichotengeneza, kwa sharti dogo kama kutaja chanzo. Bila leseni iliyoandikwa, faili lililo mtandaoni halina tofauti na kitu kilichosahauliwa kwenye benchi la stendi: unaweza kukichukua, lakini hujui kama ni chako.

Faida zake huku kwetu zinaonekana kila siku, ingawa hatuzitaji kwa jina. Mwinuko wa ardhi uliopimwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, kwa siku 11 tu, ulitolewa kwa Afrika kwa ukali wa mita 90, yaani kila nukta inawakilisha mraba wa mita 90 ardhini. Mwaka 2014 ukafunguliwa kwa mita 30, na karibu kila ramani ya miteremko ya Meru inayochorwa chuoni leo inaanzia hapo au kwenye data za aina hiyo. Picha za Sentinel-2 za Ulaya, setilaiti ya kwanza ilirushwa Juni 2015, zina ukali wa mita 10 na ni bure kwa wote. Kwa mashamba ya Lower Moshi zinatosha. Kwa vichochoro vya Unga Limited ya Arusha au Pasua ya Moshi hazitoshi. Usimwache muuza mradi akudanganye. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) imekuwa ikiweka mtandaoni mipaka ya kiutawala ya sensa bila malipo, jambo ambalo limeokoa saa nyingi za kuchora mipaka ya kata kwa kubahatisha.

Denmark inatupa mfano mzuri kuliko Marekani, kwa sababu unahusu kitu ambacho na sisi tumeshakifanya: anwani. Mwaka 2002 walikubaliana data za anwani zitolewe bila kuuzwa. Tathmini iliyofuata ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2009 jamii ilipata faida ya moja kwa moja ya euro milioni 62 hivi, kwa gharama ya takriban milioni 2. Hapa Tanzania operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliweka nguzo za majina ya mitaa na namba milangoni kabla ya sensa ya Agosti. Nguzo unaziona Sakina ya Arusha na unaziona Soweto ya Moshi. Faida kubwa ya nguzo ile iko kwenye orodha iliyo nyuma yake, na inategemea gari la wagonjwa, msafirishaji wa mizigo na fundi wa maji wote wanatumia orodha moja.

Lakini uwazi una udhaifu wake, na mfano bora ni wetu wenyewe. Wizara ya Maji ilihesabu vituo vya maji vijijini nchi nzima, kazi kubwa, na data zikafunguliwa. Zikaingia kwenye shindano la kimataifa la uchambuzi wa data, likiuliza ni pampu zipi zitaharibika. Faili la mafunzo lina vituo 59,400. Zaidi ya 4,000 ni vya Mkoa wa Kilimanjaro na zaidi ya 3,000 vya Arusha. Vijana wa mabara yote wamejifunza kazi kwa visima vya Rombo na Arumeru bila kujua Rombo iko wapi. Vituo zaidi ya 1,800 vina longitudo sifuri, yaani kwa mujibu wa ramani viko katikati ya Bahari ya Atlantiki. Makosa hayo yaligunduliwa haraka kwa sababu wengi waliyaona, na hilo ni jambo zuri. Baya ni kwamba sehemu kubwa ya data ilikusanywa kati ya 2011 na 2013, na bado wapo wanaolitumia faili lile kana kwamba limechukuliwa jana. Uliokuwa wazi ni mlango wa kutokea tu. Anayejua kwamba pampu ya kijijini kwake ilishatengenezwa hakupewa pa kusemea.

Wazee wa Kilimanjaro wangelielewa hili kuliko sisi. Mfongo, mfereji wa asili wa umwagiliaji, haufungwi kwa kufuli, lakini una wenyewe, una zamu, na asiyetokea siku ya kusafisha anaulizwa. Sera ya uwazi isiyotaja nani anasafisha, lini, na kwa bajeti gani, itatoa maji msimu mmoja.

Kuna kipengele kingine watu huruka: leseni za wengine. Data za OpenStreetMap ziko chini ya leseni ya ODbL tangu 2012. Ukizichanganya na zako ukatengeneza hifadhidata mpya na kuigawa, unatakiwa uigawe kwa masharti yale yale. Kwa ofisi iliyoamua kuwa wazi hilo si mzigo. Kwa ofisi inayotaka kuuza, ni ukuta. Vilevile, kama barabara zako zimefuatishwa juu ya picha za kampuni fulani, masharti ya kampuni hiyo yameshaingia ndani ya data yako. Huwezi kufungua kisicho chako, na halmashauri haiwezi kugawa kilicho cha Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi kwa sababu tu faili liko kwenye kompyuta yake.

Kwa kibali

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mahali pake panajulikana. Anayetaka kujua faru wa Mkomazi walilala wapi jana usiku aeleze yeye ni nani na kwa nini. Mienendo ya tembo waliovishwa kola za kufuatiliwa, vivyo hivyo. Na kuna watu: jina la mmiliki wa kiwanja, namba yake ya simu, deni lake la maji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na ramani ya wateja wenye majina yao ni taarifa binafsi hata kama aliyeitengeneza aliiona ni nukta tu kwenye skrini.

Kibali kizuri kinataja mambo manne: nani anaamua, ndani ya siku ngapi, kukataa kunaelezwa kwa sababu zipi, na kama mwombaji ataruhusiwa kuchapisha matokeo. La nne ndilo linalosahaulika, na linauma: mtafiti anapewa data, anafanya kazi mwaka mzima, halafu anaambiwa aombe tena ruhusa ya kutoa ramani. Kuhusu siku, tayari tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kumjibu mwombaji. Ofisi isiyo na mawazo mapya inaweza kuanza na namba hiyo.

Mara nyingi kibali kinaweza kuepukwa kwa kutengeneza nakala iliyopunguzwa. Kisima kionyeshwe, mwenye kisima asitajwe. Idadi ya faru kwa hifadhi nzima itolewe, mahali walipo pabaki ofisini. Matumizi ya maji kwa mtaa yatolewe, kwa kaya hapana. Kazi ya nusu siku kwa mtu anayejua programu yake, na asilimia kubwa ya waombaji hawatarudi tena mlangoni.

Na ile ya barua

Inaunganisha ubaya wa zote. Ina urasimu wa kibali bila ulinzi wake, kwa kuwa anayefahamiana na mtu ndani hupewa kila kitu kwenye flashi, majina na namba za simu vikiwemo. Inamgharimu mwombaji nauli na muda kama ya malipo, ila ofisi haipati hata senti. Na kama ya uwazi, data husambaa, ila bila tarehe, bila leseni, bila jina la aliyepima. Faili linaitwa "moshi_final_mpya2" na ndilo linalotumika kuamua daraja lijengwe wapi.

Zikisimama bega kwa bega

Kwa kasi, wazi inashinda na haina mpinzani. Kwa mapato, malipo yanashinda kwenye karatasi. Kwenye ofisi ndogo yenye wanunuzi wachache sidhani kama ada inafikia mshahara wa anayeikusanya. Kwa ubora nisingekimbilia kumtaja mshindi: malipo yanaleta sababu ya kusasisha, uwazi unaleta macho mengi ya kuona makosa, na kibali hakileti lolote kati ya hayo. Kwa usalama wa watu na wanyama, kibali, mradi kimeandikwa.

Kilichobaki ni hofu, na hii ndiyo inayoamua mambo kwenye vikao kuliko hesabu yoyote. "Wakiona makosa yetu?" Wataona. Dawa ni kuandika wazi data ilipimwa lini, kwa kifaa gani, kwa ukali gani. Hata kimo cha Kilimanjaro tunachokariri shuleni, mita 5,895, ni kipimo cha zama za ukoloni. Upimaji wa GPS wa 1999 ulipata karibu 5,892, na mlima haukumlaumu mtu. Maelezo mengine yasiyoweza kukosekana ni mfumo wa rejea, yaani kanuni inayosema namba za mahali kwenye ramani zinahesabiwa kuanzia wapi. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 ziko kwenye Arc 1960, simu na setilaiti zinatumia WGS84, na tofauti kati yake hapa kwetu ni karibu mita 300. Anayepokea faili bila kuambiwa hilo atajenga kivuko mahali pasipo na mto.

Ningechagua nini

Kosa kubwa ni kuichagulia ofisi nzima sera moja. Chagua kwa kila tabaka. Mito, mifongo mikuu, barabara, mipaka ya kata na mitaa, shule, zahanati, vituo vya maji: wazi, kwa leseni fupi, na mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo wa kupokea marekebisho. Haya ni matabaka ambayo wengine wanajengea yao, na kila siku unapoyazuia unazaa Rau mwingine. Kwa Arusha ningeongeza vipimo vya floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji) vya visima vinavyozunguka Meru, bila majina ya wenye visima, kwa sababu anayetaka kuchimba kisima kipya ana haki ya kujua jirani alikuta nini kabla ya kumlipa mchimbaji.

Wateja, wamiliki, wanyama walio hatarini, na sehemu nyeti za mitambo ya maji: kibali, kwa yale mambo manne.

Malipo ningeyaacha kwa huduma. Mtu akitaka ramani iliyochapwa ukubwa wa A0, au uchambuzi maalum, au afisa wa kumwelekeza site, alipe gharama halisi. Faili lenyewe lisiuzwe.

Kuna tabaka moja ambalo bado linanipa shida, nalo ni picha za droni. Zanzibar ilionyesha kuanzia 2016 kwamba visiwa vizima vinaweza kupigwa picha na vijana wa chuo chao wenyewe, SUZA, wakishirikiana na kamisheni ya ardhi. Manispaa ya Moshi ikifanya hivyo itatumia fedha nyingi, kuanzia vibali vya anga hadi diski za kuhifadhia, na picha zenye ukali wa sentimita chache zinaonyesha ua wa nyumba ya mtu, nguo zake kambani na gari lake. Hapo nisingefungua siku ya kwanza. Ningezitoa kwa kibali kwa ofisi za umma na vyuo kwa miaka miwili, ningetengeneza mara moja nakala ya ukali wa mita moja iliyo wazi kwa kila mtu, na ningeandika kwenye mkataba wa mradi, kabla droni haijapaa, tarehe ambayo kamati italazimika kukaa kuamua kama picha kamili zifunguliwe.